Picha ya Ubongo Ukutani: Namna ya Kusikiliza Kongamano la Sayansi ya Ubongo na Elimu

Hutokea mapema, mara nyingi katika mada ya kwanza ya asubuhi. Mtoa mada anabonyeza kidude mkononi, na ukutani inatokea picha ya ubongo wa kijivu wenye doa la rangi ya chungwa. Anaeleza kwamba hapo ndipo ubongo wa mtoto "unapowaka" anapopiga hesabu. Minong'ono inakoma, simu zinainuliwa, na mwalimu aliyesafiri kutwa nzima ili kusikiliza anaandika kwenye daftari lake: hesabu, doa, chungwa. Kisha kalamu inasita. Jumatatu atalifanyia nini doa hilo?

Nimeandika makala haya kwa ajili ya kusita huko. Mikutano inayowakutanisha watafiti wa ubongo na walimu imekuwa jambo la kawaida katika miaka ya karibuni. Jumuiya ya kimataifa inayoshughulikia akili, ubongo na elimu ilianzishwa mwaka 2004, na jarida lake likaanza kutoka mwaka 2007. Naiamini mikutano hii. Lakini msikilizaji asiyejua jinsi dai la kisayansi linavyopanda ngazi kutoka kwenye seli hadi darasani hurudi kwake na mojawapo ya vitu viwili: msisimko usio na kazi ya kuufanyia, au shaka juu ya kila kitu. Vyote viwili ni hasara kwa wanafunzi wake.

Tuanze na doa lenyewe.

Mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo kwa nguvu ya sumaku, haioni fikra, wala haioni seli za neva zikipelekeana ishara. Inachofuatilia ni damu. Sehemu ya ubongo inapofanya kazi zaidi, damu yenye oksijeni huongezeka hapo, na kwa kuwa damu yenye oksijeni na ile iliyopungukiwa huitika kwa namna tofauti mbele ya sumaku, mashine huinasa tofauti hiyo ndogo. Damu huchelewa: hufikia kilele sekunde kama 5 baada ya seli kuanza kazi, ilhali seli zenyewe hupashana habari kwa vipindi vinavyohesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Tena hakuna sehemu ya ubongo iliyo hai ambayo imelala ikisubiri kuwashwa. Zote hupata damu, zote hufanya kazi, usiku na mchana.

Kwa hiyo doa ni jibu la hesabu ya kutoa. Mtafiti amempa mtu kazi ya kwanza, tuseme kujumlisha tarakimu. Kisha kazi ya pili, kuzitazama tarakimu zilezile bila kuzijumlisha. Ametoa ya pili kwenye ya kwanza. Amerudia kwa watu kadhaa, akatafuta wastani wao, akaamua tofauti iwe kubwa kiasi gani ndipo ihesabiwe, na kompyuta ikapaka rangi sehemu zilizovuka kiwango hicho. Ukibadilisha kazi ya pili, doa linaweza kuhama au kutoweka. Ndiyo maana swali la kwanza ambalo ningemshauri mtu yeyote amuulize mtoa mada ni fupi sana: picha hii imelinganishwa na nini?

Watafiti wenyewe wanaujua udhaifu huu kuliko sisi wasikilizaji. Mwaka 2009, katika kongamano la wataalamu wa picha za ubongo lililofanyika San Francisco, Craig Bennett na wenzake walitundika bango kuhusu jaribio walilolifanya kwa samaki aina ya salmoni. Samaki huyo alikuwa amekufa. Walimweka ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu wenye hisia mbalimbali, wakachambua data bila kurekebisha hesabu kwa ajili ya wingi wa vipimo, na ndani ya ubongo wa samaki mfu yakatokea madoa "yanayofanya kazi". Picha moja ya ubongo imegawanyika katika maelfu ya vijisehemu, na ukivipima kimoja kimoja, vichache vitavuka kiwango kwa bahati tu. Walipofanya marekebisho yanayotakiwa, madoa yote yalitoweka. Ninalipenda bango lile kwa sababu watafiti walisimama mbele ya wenzao wakawaonyesha mahali ambapo chombo chao wote kinaweza kudanganya. Kongamano zuri huwa na nafasi ya jambo la namna hiyo.

Kwa nini basi ukumbi unanyamaza? Deena Weisberg na wenzake walilichunguza jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Waliwapa watu maelezo mafupi kuhusu tabia za binadamu. Baadhi yalikuwa maelezo mazuri. Mengine yalikuwa mabovu, yakirudia tu jambo lilelile kwa maneno mengine. Kisha nusu ya maelezo hayo yakaongezewa sentensi kuhusu ubongo ambayo haikueleza chochote zaidi. Watu wa kawaida waliridhika zaidi na maelezo mabovu yalipotaja ubongo. Wanafunzi waliokuwa wakisoma somo la sayansi ya ubongo chuoni nao wakanasa. Wataalamu waliobobea pekee ndio hawakunasa.

Wengi walidhani picha ndizo zenye uchawi huo, na utafiti mwingine wa mwaka 2008 ulisema hivyo. Mwaka 2013 watafiti wengine wakalirudia jaribio la picha mara 10, wakaona kwamba picha yenyewe huongeza kidogo mno. Yanayoteka ni maneno: "seli za neva", "gamba la mbele la ubongo", "dopamini". Hilo lina maana kwa anayekaa kwenye kiti cha ukumbi. Unaweza kuyafumba macho mbele ya slaidi na bado ukachukuliwa na sauti. Dawa niliyoiona ikifaa ni kuiandika sentensi ya mtoa mada, kisha kufuta maneno yote yanayohusu ubongo na kusoma kilichobaki. "Mazoezi ya mara kwa mara huimarisha miunganiko ya sinapsi katika hipokampasi, hivyo wanafunzi wafanye mazoezi mara kwa mara." Futa. Kinachobaki: wanafunzi wafanye mazoezi mara kwa mara. Dai linaweza kuwa la kweli kabisa, lakini ulilijua kabla hujaingia ukumbini, na ubongo uliotajwa haukuongeza sababu ya kuliamini.

Sasa hizo ngazi. Chini kabisa kuna seli za neva, ambazo mtu mzima anazo takriban bilioni 86. Juu yake kuna maeneo na mitandao ya ubongo, ndiko MRI inakofanya kazi. Ngazi ya tatu ni tabia: mtu mmoja katika chumba cha utafiti anakumbuka maneno mangapi, anasoma kwa kasi gani, anakosea wapi. Ya nne ni mtoto darasani, mwenye njaa au aliyeshiba, aliyekaa karibu na rafiki yake. Ya tano ni shule nzima kwa mwaka mzima, ikiwa na mtaala na mitihani na walimu wanaohama. Ushahidi ulioupata kwenye ngazi moja haukupi haki ya kusema juu ya nyingine mpaka mtu awe amepanda hadi huko na kupima.

Mwaka 1997 John Bruer wa Marekani aliandika makala iliyoliweka jambo hili wazi. Alisema kuwa kujenga daraja la moja kwa moja kutoka sayansi ya ubongo hadi darasani ni kuvuka mbali mno, na kwamba ni salama zaidi kuwa na madaraja mawili mafupi: moja kutoka ubongo hadi saikolojia, la pili kutoka saikolojia hadi ufundishaji. Wakati ule wazazi walikuwa wakiambiwa kwamba kwa vile sinapsi za mtoto mdogo, yaani maungio kati ya seli za neva, huongezeka kwa kasi na kisha kupunguzwa, basi miaka ya mwanzo ni dirisha litakalofungwa milele. Ushahidi wa madirisha hayo ulitoka kwa kiasi kikubwa katika majaribio ya David Hubel na Torsten Wiesel juu ya paka wadogo waliofunikwa jicho moja, kazi iliyochangia kuwapatia tuzo ya Nobel mwaka 1981. Jicho likinyimwa mwanga katika kipindi fulani cha utoto, ubongo haujengi uwezo wa kawaida wa kuona kupitia jicho hilo. Ni kweli na ni muhimu. Madaktari wa macho ya watoto hufanya haraka kwa sababu hiyo. Lakini kutoka jicho la paka hadi kufundisha sehemu na desimali kuna ngazi tatu ambazo hakuna aliyezipanda. Watu hujifunza kusoma wakiwa na miaka 50.

Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza wengi wanaohudhuria kwa mara ya kwanza. Ushauri ulio imara kuliko wote ambao mwalimu anaweza kuupata katika makongamano haya umetoka ngazi ya tatu, na sehemu yake kubwa ilijulikana kabla mashine ya MRI haijabuniwa. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha matokeo: tunasahau kwa kasi mwanzoni kisha kasi inapungua, na marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa yanashinda marudio yaliyorundikwa siku moja.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma mara ya pili. Jingine, badala ya kusoma tena, liliandika yote liliyoyakumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, wakikumbuka asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Tazama vizuri kipimo cha dakika 5. Mwalimu anayeishia hapo, au mwanafunzi anayejipima kwa anavyojisikia usiku wa kuamkia mtihani, ataamini kwamba kusoma tena ndiyo njia bora. Ndiyo maana swali la pili la kwenda nalo ukumbini ni: walipimwa baada ya muda gani?

Hata umbali wa marudio umepimwa. Katika utafiti mkubwa wa mwaka 2008, Nicholas Cepeda na wenzake walikuta kwamba umbali unaofaa kati ya somo na marudio hutegemea lini mtu atahitaji kukumbuka. Kwa mtihani wa baada ya wiki moja, pengo la siku 1 lilifaa. Kwa mtihani wa baada ya siku 350, kati ya mapengo waliyoyajaribu, la siku 21 ndilo lililoshinda. Hakuna doa la chungwa katika takwimu hizi, na ningezichukua badala ya picha zote za asubuhi ile.

Kuna upande mwingine usiofurahisha kuusema, nao ni imani potofu zinazozunguka kwa jina la ubongo. Sanne Dekker na wenzake waliwahoji walimu 242 wa Uingereza na Uholanzi, walimu waliokuwa na hamu ya kujua mambo ya ubongo, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Kwa wastani walimu hao waliamini karibu nusu ya dhana potofu walizoonyeshwa. Dhana kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa mtindo wake, wa macho, masikio au mwili, iliaminiwa na asilimia 93 ya walimu wa Uingereza na 96 ya wale wa Uholanzi. Kisha linakuja linaloniuma zaidi: waliojua mambo mengi ya jumla kuhusu ubongo waliamini dhana potofu zaidi, si kidogo. Sidhani kama ni uzembe. Mwalimu anayependa wanafunzi wake husoma kila anachokipata, na katika anachokipata kweli na uongo vimechanganyika kama mchele na chuya, bila mtu wa kumpepetea.

Mitindo ya kujifunza inastahili kukaa nayo kidogo, maana inaonyesha ushahidi unavyotakiwa kuwa. Hakuna anayekataa kwamba mtoto mmoja hupenda picha na mwingine hupenda kusikiliza. Dai lililo mezani ni jingine: kwamba ukimlinganishia mbinu na mtindo wake atajifunza zaidi. Harold Pashler na wenzake, mwaka 2008, walieleza jaribio linaloweza kulithibitisha. Wagawe wanafunzi kwa mitindo yao. Ndani ya kila kundi, wapangie kwa bahati nasibu mbinu ya kufundishwa. Wape wote mtihani mmoja. Dai litakuwa la kweli ikiwa mbinu inayowafaa wa macho ndiyo inayowashinda wa masikio, na kinyume chake. Walipopitia maandiko, tafiti zilizofuata muundo huo zilikuwa chache mno, na kati ya hizo kadhaa zilikwenda kinyume na dai.

Ubongo wa kushoto na wa kulia nitaupitia haraka. Roger Sperry, aliyepata Nobel mwaka uleule wa 1981, alichunguza wagonjwa waliokatwa mshipi wa neva unaounganisha pande mbili za ubongo ili kutuliza kifafa. Kwa hao, kila upande ulionyesha uwezo wake. Mwanafunzi wako hajakatwa kitu. Watafiti wa Utah walizichambua picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000 wakachapisha mwaka 2013, na hawakukuta watu wa "upande wa kushoto" na wengine wa "upande wa kulia".

Je, sayansi ya ubongo yenyewe haina cha kumpa mwalimu? Inacho, na mfano ninaoupenda ni kusoma. Maandishi yana umri wa miaka elfu chache tu, muda mfupi mno kwa ubongo kuwa umezaliwa na sehemu maalumu ya kuyasoma. Stanislas Dehaene wa Ufaransa ameonyesha kwamba anayejifunza kusoma huazima eneo la nyuma, chini, upande wa kushoto, ambalo kazi yake ya asili ni kutambua maumbo ya vitu na nyuso. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 63 kutoka Brazili na Ureno: wasiojua kusoma, waliojifunza ukubwani, na waliosoma tangu utotoni. Kadiri mtu alivyoweza kusoma, ndivyo eneo hilo lilivyoitikia maandishi, hata kwa waliojifunza wakiwa watu wazima.

Na hapa kuna faida ambayo mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kuishika mkononi. Eneo lililoazimwa lilizoea kuona kitu na kivuli chake cha kioo kuwa kitu kimoja: kikombe ni kikombe, mkono wake uelekee kushoto au kulia. Kwa herufi, mazoea hayo ni kikwazo, kwa sababu b na d zinatofautiana kwa mwelekeo tu. Mtoto wa miaka 5 au 6 anayeandika herufi kinyumenyume kwa kawaida hana kasoro. Ubongo wake unaacha tabia ya zamani, na kuacha huko kunahitaji muda na mazoezi ya kuzitenganisha herufi hizo kwa macho, kwa sauti na kwa mkono. Mwalimu anayelijua hili hamchapi mtoto wala hamtishi mzazi. Sayansi ya ubongo imemweleza sababu, na sababu imebadilisha namna anavyomtazama mtoto.

Hata hivyo, ushauri wa kuwafundisha watoto uhusiano wa herufi na sauti kwa mpangilio haukungoja picha hizo. Jopo la kitaifa la kusoma nchini Marekani lilitoa ripoti yake mwaka 2000 likitegemea majaribio ya kufundisha. Picha zilikuja kueleza kwa nini yanafanya kazi. Mpangilio huo, majaribio ya ufundishaji kwanza na maelezo ya ubongo baadaye, ndio ninaoutafuta katika ratiba ya kongamano lolote.

Usingizi ni mahali pengine ambapo biolojia imefika hadi ngazi ya juu. Saa ya mwili husogea mbele wakati wa balehe, hivyo kijana huchelewa kusinzia hata akitaka. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri shule za vijana zisianze masomo kabla ya saa 2:30 asubuhi.

Ukishika haya, kongamano lenyewe linabadilika sura. Ukumbi mkubwa ndio wenye watu mashuhuri, lakini ningekushauri ukae zaidi penye mabango. Pale mtafiti kijana amesimama saa nzima kando ya kazi yake, na atafurahi ukimuuliza kwa lugha ya kawaida: walikuwa watu wangapi, wa umri gani, mlilinganisha na nini, mlipima baada ya muda gani, kuna aliyejaribu darasani? Asiye na jibu la swali la mwisho akisema "bado", mheshimu; amekwambia yuko ngazi gani.

Kwenye meza za wauzaji kuwa mwangalifu zaidi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na ngoma ya siku hizi imechorwa ubongo. Mwezi Januari 2016 kampuni iliyotengeneza michezo ya kompyuta ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya tume ya biashara ya Marekani kuituhumu kwamba matangazo yake yaliwaahidi watu manufaa shuleni na kazini bila ushahidi. Mtu anayecheza mchezo mmoja kila siku huwa hodari wa mchezo huo. Ufundi huo kuhamia kwenye somo la hesabu ni dai jingine, nalo lipimwe peke yake.

Tena usiende kama mpokeaji tu. Mtafiti anajua sana watu 30 waliolala ndani ya mashine, mmoja mmoja, kimya. Wewe unajua kinachotokea watoto 50 wakiwa chumba kimoja na mmoja wao ameanza kulia. Ukisimama na kueleza kwamba zoezi lake la dakika 40 halitaingia katika kipindi cha dakika 40, umempa data ambayo maabara yake haiwezi kuipata.

Na safari ya kurudi ina kazi yake. Weka daftari la kongamano ndani ya begi, chukua karatasi tupu, uandike yote unayoyakumbuka: madai, nani aliyasema, walipimwa watu gani, baada ya muda gani. Kisha fungua daftari ulinganishe. Rudia baada ya wiki moja, na tena baada ya wiki tatu. Mara hiyo ya tatu ndiyo ya kuamua ni jambo gani moja utalijaribu darasani, na karatasi tupu waweza kuanza kuwagawia wanafunzi wako.